Ramani ya Barafu

Nimeitandaza juu ya meza ya Dafroza,
ramani ya wilaya, mikunjo imechanika
pale pale Lugufu inapopita,
kwa hiyo mto una kingo mbili za karatasi
na katikati ni ubao wa meza.

Uvinza imelala. Treni ya mizigo imeshapita,
vikombe vimetulia kabatini.
Pikipiki yangu iko ukumbini, imeegemea gunia la mihogo,
inanuka petroli na majani yaliyoungulia kwenye bomba la moshi.
Spoku mbili mpya. Tyubu ya akiba.
Mnyororo nimeupaka grisi mpaka unateleza kama kambare.

Dafroza ndiye mwenye sanduku la chanjo.
"Vipande vinane vya barafu," asema, "saa kumi na moja.
Ya kumi na mbili, utawapelekea maji."

Basi nimefuta kilomita.
Kutoka hapa mpaka daraja la magogo: kipande kimoja na nusu.
Mlima wa kwanza, wa mawe yanayobingirika: viwili,
kwa gia ya kwanza, makalio hewani.
Msitu wa mbung'o: kimoja,
maana humo hasimami mtu hata kwa haja ndogo.

Ng'ambo ya hapo ramani ni nyeupe.
Aliyepima alichoka, au alikuwa na mke nyumbani.
Limebaki jina moja, Kansala, kwa herufi zilizolala
kama mtu aliyefika na homa.
Watoto ishirini na watatu, wasema waliotoka huko,
na mmoja amezaliwa Jumanne.

Wiki nzima nimeuliza.
Mchoma mkaa: karibu tu, unavuta sigara mbili.
Muuza dagaa: mbali, mzigo hulowa mara tatu na kukauka mara mbili.
Kijana mmoja wa Boxer aliapa kwamba alipita mwezi Machi.
Nikamuuliza, Machi, maji ya Lugufu yalikufika wapi?
Akainama kufunga kamba za kandambili.

Juzi tulikula juu ya ramani hii hii,
ugali wa muhogo na migebuka,
tone la mawese likaanguka kwenye weupe,
likatanda, likawa ziwa jekundu lenye ghuba na rasi.
Dafroza alilifuta kwa upindo wa kanga. Likakua.

Leo amekuja Kasulwa, mrina asali,
mikono yote makovu, ya nyuki na ya moto.
Kusoma hajui. Aliomba maji, akanawa kwanza,
ndipo akafuatisha kidole: daraja, mawe, mbung'o,
akafika kwenye doa, akasita.
"Huyu aliyeweka hili," akasema, "alifika."

Tukatazamana.

"Hapa pana tope. Mwaka juzi lilimeza baiskeli ya shemeji yangu,
tukarudi na kengele."
Akapapasa upande wa kushoto wa mawese:
upande huu, mpaka mninga wenye mzinga wangu,
kisha shika mgongo wa kilima
kama unavyomshika beberu mkali,
usishuke mpaka kilima chenyewe kikushushe.

Nimechora kwa penseli.
Wino ni wa wale wanaodhani mto hulala
kila usiku kitanda kile kile.

Jumla: vipande saba na robo.
Robo tatu iliyobaki ni ya pancha,
au ya tembo atakayesimama njiani akiwaza mambo yake.

"Na kurudi?" auliza Dafroza, mkono kwenye swichi ya taa.

Kurudi sijakupigia hesabu.
Sanduku litakuwa jepesi,
barafu imeshakuwa maji ya kunawia uso,
na kulia kwa doa kuna kijia chembamba
ambacho kidole cha Kasulwa kilikiruka bila kusema neno.
Nitakijaribu.
Penseli nimeichonga pande zote mbili.